Povu la Mzee Mrisho

Watu wa Majengo waliomjua Mzee Mrisho kinyozi watakusimulia habari za redio yake, au watakuambia alivyokuwa mkali kwa mtu anayetikisa kichwa wembe ukiwa shingoni. Mimi nitasimulia habari za povu. Nilikaa naye baraza moja miaka mingi, yeye na kiti chake, mimi na cherehani yangu, tukigawana kivuli cha bati moja. Mtu ukikaa naye hivyo unamjua kuliko wanavyomjua ndugu zake. Na nasema wazi, sijaona mkono mwingine uliojua kutoa povu kama ule, nami nimeishi nikaona mengi.

Anayesema povu ni kitu gani huyo hajafua nguo kwa maji ya Dodoma. Maji yetu, ya bomba na ya kisima, yana chumvi. Ukitia sabuni inakatika, inatoa makapi meupe yanayoelea juu kama maziwa yaliyoharibika, na nguo ikikauka inasimama yenyewe. Wageni waliohamishiwa huku kikazi walikuwa wanarudisha sabuni dukani wakidhani wameuziwa mbovu. Wanagombana na mwenye duka mpaka majirani wanatoka kuamua. Sisi wenyeji tunacheka pembeni. Sabuni haina kosa, bwana. Ni maji.

Mzee Mrisho alizaliwa hapa hapa mjini. Babu zake walikuwa watu wa misafara ile ya zamani iliyokuwa ikitoka pwani kwenda Tabora. Wengine walikwenda zao na kurudi, wao wakaishia hapa, wakaoa, wakajenga. Baba yake, Mzee Munir, alikuwa kinyozi wa stesheni, akiwanyoa abiria treni ikiwa imesimama, na inasemekana hakuwahi kumwacha mtu na shavu moja kwa sababu treni imepiga honi. Alipofariki alimwachia mwanawe kiti cha chuma, mkanda wa kunolea wembe, na brashi ya kunyolea iliyotengenezwa kwa singa za farasi.

Mimi farasi kwa macho yangu sijamwona mpaka leo, isipokuwa kwenye picha za kitabu cha kanisani. Kwa hiyo brashi ile niliitazama sana. Mpini wake ulikuwa wa mti, umekuwa mweusi kwa kushikwa na viganja vya watu wawili, baba na mtoto. Singa zake zilikuwa za rangi ya asali ya porini, ngumu, zimesimama. Siku moja nilimwuliza, "Mzee Mrisho, huyo farasi mwenyewe yuko wapi?"

"Ah, Mama Anitha," akasema, "farasi alishajifia zamani sana. Mkia wake ndio bado unafanya kazi."

Alikuwa na maneno namna hiyo, halafu uso wake hausemi kitu.

Kila asubuhi akifika, kabla hajafagia wala kufungua redio, aliiweka brashi kwenye kikombe cha maji ya uvuguvugu. Si ya moto, ya moto huzilegeza singa zikalala kama nywele za mgonjwa. Si ya baridi pia. Iliachwa hapo mpaka amalize kufagia, apange vitu vyake, asalimiane na baraza zima. Aliniambia singa za farasi haziko kama manyoya laini, ukizipaka sabuni zikiwa kavu zinamchoma mtu shavu kama mabua ya uwele. Lakini zikishakunywa maji zikatosheka, zinakuwa na nguvu ya kuuinua unywele mmoja mmoja kutoka kwenye ngozi. Ndipo aliponyanyua brashi, akaiacha idondoshe, akaikung'uta mara moja tu, akaiingiza kwenye kibakuli cha bati chenye kipande cha sabuni.

Hapo cherehani yangu ilikuwa inasimama yenyewe. Mguu wangu ulikuwa unasahau kukanyaga.

Kwanza huoni kitu. Brashi inazunguka, inakwaruza, kwaru kwaru, kama panya darini. Mteja anaweza kudhani mzee amesinzia. Halafu unaona weupe mzito pembeni mwa bakuli, kama uji ulioanza kushika. Anachovya ncha ya kidole kwenye kikombe, anadondosha tone. Anazungusha. Tone jingine. Mkono haukazi, kifundo tu ndicho kinachokwenda. Na sauti inabadilika. Ile kwaru kwaru inapungua, inakuwa kama mtu anayepita kwenye mchanga, kisha kama kitambaa cha hariri, kisha husikii kitu kabisa. Ukiacha kusikia, ujue limeiva. Ukichungulia ndani unakuta bakuli limejaa, jeupe, linang'aa, halina hata tundu moja. Kutoka kwenye kipande cha sabuni kisichozidi kidole gumba! Mimi nilikuwa najiuliza, kilikuwa kimekaa wapi kitu kikubwa hivi?

Mteja mgeni akionyesha mashaka, Mzee Mrisho alikuwa analigeuza bakuli juu chini, juu ya kofia yake mwenyewe nyeupe iliyofuliwa na kupigwa pasi, na analishikilia hapo huku anaongea habari nyingine. Povu halikudondoka hata siku moja. Nilikuwa nashusha pumzi kila akiligeuza upya.

Maji ndiyo yalikuwa nusu ya kazi yake. Nyumbani kwake alikuwa na pipa chini ya mfereji wa bati. Mvua za Desemba zikianza, aliacha ya kwanza ioshe vumbi, ya pili ndiyo ikaingia. Pipa likijaa alilifunika kwa mbao akaweka na jiwe, na hayo maji ndiyo yaliyomvusha kiangazi chote, kikombe kwa kikombe. Hakuna aliyeyagusa. Mkewe alikwenda kumshtaki kwa ndugu zake kwamba mume anamnyima maji matamu ya chai. Ndugu wakakaa kikao, wakamwambia avumilie.

Enzi za ruksa zilipoingia, na maduka yakajaa vitu tusivyovijua, yalikuja mapovu ya kopo. Unabonyeza, fshhh, limetoka. Zikaja mashine za umeme, saluni zikafunguliwa zenye vioo pande zote na muziki. Vijana wakahamia huko, na mimi siwalaumu, palikuwa panapendeza. Mtu mmoja alimletea Mzee Mrisho kopo moja alijaribu. Alibonyeza kiganjani, akalitazama povu lile kama mtu anayemtazama mkwe mpya. Akalinusa.

"Zuri," akasema. "Linanukia. Lakini limekuja limeshaiva. Sasa mimi nitafanya nini hapo?"

Akamrudishia mwenyewe kwa adabu, akaendelea kuwanyoa waliobaki naye. Walikuwa wazee, mashehe, na watu wenye videvu vibaya. Kidevu kibaya nasema kile ambacho ndevu zake zinajikunja na kurudi ndani ya nyama, zikafanya vipele vigumu kama punje za mtama. Wembe ukipita juu ya povu bovu unakata kipele na damu inatoka. Watu wa namna hiyo walitoka mpaka Chamwino kumfuata.

Na baba yangu mzazi, Mzee Matonya, alikuwa na kidevu hicho.

Kwetu ni kijijini, mbele ya Mvumi. Sisi ni watu wa kanisa, baba alikuwa mzee wa kanisa miaka na miaka, lakini mlango wetu wa ukoo una desturi yake na tunaishika. Mwanaume wa kwetu akifiwa na mke, haweki wembe usoni wala kichwani. Anakaa na msiba. Hali chakula na wanaume wenzake, anapelekewa peke yake nyuma ya nyumba. Hazungumzi kikaoni. Mavuno yakishapita, ndugu wa marehemu wanaitwa, ananyolewa mbele yao na mtu asiye wa ukoo, na kaka wa marehemu anampitisha kitambaa cheupe usoni. Kitambaa kikitoka cheupe, msiba umeondoka, anarudi kwa watu. Kikitoka na damu, husemwa marehemu bado amemshika, na mtu anarudi nyuma ya nyumba mpaka mavuno mengine.

Mama yangu, Raheli, alipofariki, baba alisubiri kama ipasavyo. Siku ikafika, akaitwa mtu mmoja wa kijiji cha jirani na wembe wake na sabuni ya mche na maji ya kisima. Damu ilitoka chini ya taya kabla hajahamia shavu la pili. Mjomba wangu Zablon, kaka wa mama, alikunja kitambaa akakitia mfukoni. Baba alinyanyuka mwenyewe akarudi nyuma ya nyumba, na shavu moja likiwa na ndevu.

Mwaka wa pili ule nilikuwa nikienda kumsalimia namkuta amekonda, ndevu zimemfika kifuani, sahani yake iko chini karibu na mguu. Mtu aliyekuwa akisimama kikaoni na vijana wote wananyamaza! Aliniambia, "Yudith, mwanangu, ikitoka damu tena sitangoja mara ya tatu. Nitamfuata mama yako tu." Nilirudi mjini nikaenda moja kwa moja barazani.

"Mzee Mrisho," nikamwambia, "nataka umnyoe baba yangu." Nikamweleza yote, mpaka kitambaa.

Alizima redio. Kisha akasema, "Ndugu zake wamepanga lini?"

"Jumamosi hii inayokuja. Watu wameshaalikwa mpaka wa Manyoni."

"Mama Anitha, mkono ninao. Brashi ninayo. Maji sina."

Mwaka ule mvua ilikuwa imegoma. Ilinyesha manyunyu, ikasimama, jua likaendelea. Ndio mwaka ule umeme ulikuwa wa mgawo, watu wakisema bwawa la Mtera limekauka. Pipa la Mzee Mrisho lilikuwa limefika chini zamani, naye kwa wateja wa kawaida alikuwa anajikongoja na maji ya bomba, akitumia sabuni mara tatu na povu linatoka la hivi hivi. Kwa kidevu cha baba halikufaa. Alijaribu kuuliza msikitini, nikauliza kanisani, matangi yote makavu. Hata fundi wa betri za magari tulimfuata, akatuambia maji yake yana dawa, yatamchubua mzee wa watu.

Sasa tazama maajabu ya Mungu. Jirani yetu wa baraza la tatu alikuwa binti mmoja, Bi Shamimu, aliyenunua friza la kutengenezea barafu za kuuza. Alhamisi ile umeme ulikatika tangu asubuhi, akaona afungue friza alikwangue. Kuta za ndani zilikuwa zimeshika theluji nene kama ukuta wa kichuguu, akawa anaibomoa kwa mwiko na kuitupa nje kwenye mchanga. Mzee Mrisho alikuwa amekaa anatazama tu, kama mtu asiye na kazi. Mara nikaona amenyanyuka, ameinama, ameokota kipande, ametia mdomoni.

"Mzee, hiyo chafu!" Bi Shamimu akapiga kelele. "Kama una kiu si nikupe barafu ya ubuyu?"

"Mwanangu, haya maji umeyatia chumvi?"

"Sijatia kitu. Hayo hayatiwi, yanajileta yenyewe. Kila nikifungua mlango yanazidi."

"Yanatoka wapi?"

"Nitajuaje? Hewani labda."

Mzee Mrisho akasimama pale na theluji inamdondoka kati ya vidole. Akatazama juu, mbinguni peupe hapana hata wingu la kuazima. Akasema taratibu, "Mvua iko ndani ya kabati."

Aliichukua ile theluji kwenye kikombe, tukaisubiri iyeyuke. Akaleta brashi. Kwaru kwaru, kisha mchanga, kisha hariri, kisha kimya. Lilifura likapita ukingo wa bakuli. Bi Shamimu aliweka mwiko chini akaja kutazama, akasema "Subhanallah," na mimi Mkristo nikaitikia. Wakati ule hewa ya Dodoma ilikuwa kavu mpaka midomo inapasuka, na kumbe ndani yake mlikuwa na maji, laini kuliko yote, yamekaa tu yanangoja mtu wa kuyaita.

Umeme uliporudi Bi Shamimu alikataa kulikwangua tena mpaka Jumamosi alfajiri, akawa analifungua na kulifunga mlango makusudi ili liote. Wateja wake wa barafu walidhani amepata wazimu. Tulijaza chupa moja ya chai, zile zinazotunza moto, nazo zinatunza baridi vilevile. Tukapanda Landrova ya mizigo, Mzee Mrisho mbele na chupa yake mapajani kama mtoto mchanga.

Nyumbani walikuwa wamejaa. Mzee Mrisho, ambaye Kigogo anakijua kama sisi, alisalimia kwa sauti, "Mbukwenyi!" na wote wakaitikia. Mjomba Zablon alimpima kwa macho kuanzia kofia mpaka viatu.

"Ndiye huyu kinyozi wa mjini? Nilidhani atakuja na jenereta."

"Nimekuja na mkia wa farasi, mzee wangu."

Watu wakacheka, mjomba naye akacheka kwa pua tu.

Mzee Mrisho alikwenda upande wa jikoni penye kivuli, akamimina maji kidogo kwenye kifuniko cha chupa, akasimamisha brashi humo ianze kunywa. Chupa yenyewe akaiacha hapo ukutani, akaja kukaa na wazee. Desturi haiwezi kuanza mgeni hajanywa kitu. Wifi yangu Anyesi, mke wa kaka yangu, akaleta chai, mwanamke mwenye mikono myepesi, hapendi mgeni akae kikombe kitupu. Mjomba Zablon akanywa funda, akakitazama kikombe.

"Anyesi, leo chai yako imekuwaje? Haina ile chumvi yetu."

"Kunywa tu mjomba, ipo nyingine."

Na Mzee Mrisho naye alikuwa ameshainua chake. Nilikuwa nimekaa kwa akina mama, ng'ambo, nikamwona amevuta funda halafu amesimama nalo mdomoni. Hakulimeza. Macho yake yakanitafuta. Nikajua. Nikaenda jikoni mbio.

"Wifi, ile chupa ya ukutani?"

"Maji mazuri yale, wifi! Baridi, matamu, nikaonja nikasema haya ni ya wazee, sio ya kuoshea vyombo. Nimeyachemsha yote." Alipoona uso wangu akashika kifua. "Kwani yalikuwa ya nini?"

Nani angemlaumu? Kwetu maji matamu yakiingia nyumbani ni ya mgeni, hata mtoto analijua hilo. Hakuna mwanamke wa Ugogo angeyaacha yakae kwenye chupa wakati wazee wamekaa na kiu. Lakini alipoelewa alikaa chini kwenye majivu akalia.

Mzee Mrisho alikuja polepole. Akatikisa chupa, tupu. Akasema, "Mama Anitha, nimekunywa povu langu." Kisha akamgeukia Anyesi. "Usilie mwanangu. Chai ilikuwa nzuri kweli."

Kikabaki kile kifuniko. Brashi ilikuwa imesimama ndani yake, na maji yaliyobaki chini hayakufika hata kujaza kiganja cha mtoto. Nilimwambia tuahirishe. Akauliza, "Baba yako ameshatoka?" Nikatazama. Baba alikuwa ameshatolewa nyuma ya nyumba, amekalishwa juu ya ngozi katikati ya ua, mikono juu ya magoti, na mjomba Zablon ameketi mbele yake, kitambaa cheupe begani. Akitolewa hivyo harudishwi bila kunyolewa.

"Basi," akasema Mzee Mrisho, na akabeba kifuniko kwa mikono miwili.

Kichwa alikinyoa kwa maji ya kisima, kichwa hakikuwa na vipele. Ndevu akazikata kwa mkasi mpaka zikabaki fupi. Kisha akafanya kitu ambacho sikuwahi kumwona akifanya barazani. Bakuli aliliacha. Alichukua kipande cha sabuni kikavu akampaka baba shavuni moja kwa moja, akanyanyua brashi bila kuikung'uta hata mara moja, akaanza kuizungusha palepale usoni. Maji yote aliyokuwa nayo yalikuwa ndani ya zile singa.

Haikuonekana kitu. Ilionekana michirizi tu myeupe.

"Huyu ananyoa au anapaka chokaa?" mjomba akasema. Mtu mmoja nyuma akaguna.

Mzee Mrisho hakusikia, au alisikia. Kifundo cha mkono kilikuwa kinakwenda vilevile, hakikazi. Upepo ukavuma, ule upepo wetu mkavu wa kiangazi unaobeba vumbi jekundu, na nikaona ile michirizi inaanza kukauka pembeni. Hapo ndipo alipoinua kichwa.

"Wazee wangu," akasema, "naomba mnizuilie upepo. Povu hili likikauka sina jingine."

Wakatazamana. Wale walikuwa wamekuja kuangalia damu, na sasa wanaambiwa wasimame. Lakini mzee mwenzao ameomba. Akanyanyuka mmoja wa Manyoni, akashika pembe za shuka lake akalitandaza. Akanyanyuka mwingine. Mwishowe mjomba Zablon naye akasimama, akasogea, wakamzunguka baba bega kwa bega mpaka upepo ukakosa njia. Sisi wanawake tukachungulia katikati ya mabega yao.

Na humo ndani, palipotulia, nikasikia sauti imeanza kubadilika. Kwaru kwaru ilipungua. Mzee Mrisho akagusa ncha za brashi kwenye kifuniko, ncha tu, akarudi. Mchanga. Akagusa tena. Hariri. Nilijikuta nimeshika mkono wa Anyesi na wote wawili hatupumui. Kikaja kimya. Kimya kile! Hakuna aliyekohoa. Na chini ya brashi povu likainuka kwenye shavu la baba yangu, jeupe, zito, linang'aa, likafunika vipele vyote kama havikuwahi kuwepo, kutoka kwenye maji ambayo usingeweza kumnywesha kifaranga. Nimesali makanisani, nimeona watoto wakizaliwa, na bado nasema kwamba nywele za mwili zilinisimama. Wazee wale walikuwa wameinamisha vichwa kama wanaotazama kisimani.

Akatoa wembe mpya kwenye karatasi yake, maana ukimwi ulikuwa umeshaingia nchini na yeye hakurudia wembe. Akavuta ngozi kwa kidole, akauacha wembe ushuke na ndevu zinakoelekea. Hakurudi alikopita. Alinyoa shavu moja kwanza, kisha povu lililobaki kwenye brashi akaliamsha upande wa pili, kisha chini ya taya, kisha mdomo wa juu. Mahali pa mwisho, chini kabisa ya kidevu, kifuniko kilikuwa kikavu. Akaiminya brashi kwa vidole karibu na mpini, polepole, na singa za farasi zikatoa tone ambalo hatukujua kama lipo. Likatosha.

Akafuta kwa kitambaa kikavu, akasimama kando. "Nimemaliza," akasema.

Mjomba Zablon akapiga goti. Akachukua kitambaa chake begani, akakipitisha kutoka sikio mpaka sikio, akakandamiza chini ya taya hasa, pale palipomwaga damu mwaka uliopita. Akakiinua kwenye jua. Akakigeuza upande wa pili. Akakiinua tena, na mkono ukabaki juu muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Cheupe," akasema. Sauti ilikuwa ndogo. Akakohoa, akasema kwa nguvu, "Cheupe! Dada yangu amemwachilia!"

Vigelegele vilipasuka. Baba alikuwa amekaa vilevile, anajishika kidevu kwa vidole viwili kama mtu anayepapasa kitu cha mwenyewe. Wajukuu wadogo hawakuwahi kukiona kidevu kile, wakamkimbia wakilia kwamba babu amebadilishwa. Mimi nilichokiona ni sura ya baba wa utoto wangu, ile niliyokuwa nikiitazama akirudi kutoka mashambani, na nilikuwa nimeshaisahau.

Anyesi akaleta ugali wa uwele na mlenda, na nyama ya mbuzi aliyechinjwa asubuhi. Akasimama na sinia, hajui aliweke wapi, maana mkono ulikuwa umezoea kwenda nyuma ya nyumba. Mjomba Zablon akamwonyesha kwa kidole: hapa, katikati. Akamkalisha Mzee Mrisho kulia kwake na baba kushoto.

"Shemeji," akamwambia baba, "na kidevu kizuri hivi ulikuwa unamficha nani?"

"Nilikuficha wewe," baba akasema. "Ungekiona mapema ungeongeza mahari."

Walicheka mpaka mmoja wa Manyoni akapaliwa. Kisha wakanyamaza wote, mikono wakiwa wameshanawa, hakuna aliyegusa sinia. Walikuwa wanamngoja yeye. Baba akakielewa kile kimya, machozi yakamlengalenga, akanyoosha mkono akamega tonge la kwanza.